Njia ya Shela haifuati saa yangu

Ndugu zangu wa Iringa hawakubali kwamba naishi ng'ambo. "Kenya nayo ni ng'ambo?" dada yangu huniuliza kila tukipigiana simu, na sijawahi kupata jibu la kumtosha. Pasipoti ninayo, kibali cha kazi ninacho, lakini majirani zangu wanaongea Kiswahili. Ila siku ya kwanza nilipoambiwa hapa Lamu nifuate "ndia ile" na niangalie "mai yasijae", yaani njia na maji, nilijua nimevuka zaidi ya mpaka mmoja.

Huu ni mwaka wangu wa tatu. Alfajiri, watu wakishatoka msikitini, naondoka mtaani kwangu Langoni, mjini Lamu, kwa miguu hadi kijiji cha Shela, kilomita 3 hivi, halafu narudi. Sina ninachokifuata huko. Miezi ya mwanzo jambo hilo liliwasumbua majirani kuliko lilivyonisumbua mimi.

"Wenda wapi?"

Natembea tu.

"Kuna mgonjwa Shela?"

Hakuna. Mama mmoja wa mtaani alinishika mkono kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimegombana na mtu nyumbani.

Watanzania wenzangu wao wananishangaa kwa jingine: mbona njia ile ile kila siku? Si kuna magofu ya Takwa, kuna Pate, kuna ngome ya Siyu? Nimekwenda kote huko na nimefurahi. Lakini mtu aliye ugenini mapya anayo tele, yanamfuata mpaka dukani anapotafuta chumvi. Anachokikosa ni mazoea. Nilipofika sikuwa na duka la kunikopesha wala mtu wa kugundua kwamba leo nimenyoa. Kila nikienda mahali papya naanza ugeni upya. Kwa hiyo nikang'ang'ania njia moja, na wanaonisihi nibadilishe nawaambia wabadilishe zao.

Kwanza kuna punda. Magari hapa ni ya kuhesabu, mizigo mingi inabebwa na punda, na punda wa Lamu hana breki. Akija na shogi limejaa mchanga au mawe ya matumbawe kutoka Manda, Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, haututoshi sisi wawili, na mwenye kusogea ni mimi. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na watalii wanapiga picha milango ya nakshi kwa utaratibu. Mimi milango hiyo naijua kwa mgongo, maana ndimo ninamojibanza. Yupo punda mmoja mwenye sikio lililopasuka, hupita peke yake bila mtu nyuma, mzigo ubavuni, anakata kona zake kama karani anayewahi ofisini. Siku moja alisimama mbele yangu, akanusa mfuko wenye mahamri, akaguna, akaenda zake. Nilicheka mpaka nafika gatini. Dada yangu nilipomsimulia alisema, "Ndiyo hiyo ng'ambo yenyewe?" Ndiyo hiyo.

Halafu kuna bahari, na hapa ndipo nilipofundishwa adabu. Kwetu barabara ya kwenda Gangilonga ilikuwapo jana, na kesho itakuwapo. Hapa sehemu ya njia ni ufuo wenyewe, na bahari huuchukua mara mbili kwa siku. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo pale nilipopita pakavu Jumatatu, Jumamosi nalowa magoti. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanapanda hadi kwenye kuta. Nilipakua programu ya simu ya kunionyesha saa za kujaa na kupwa. Jirani yangu, nahodha mstaafu, aliitazama kwa heshima, akanirudishia simu, akanionyesha mwezi.

Nilikasirika sana mwanzoni. Naingia kazini saa mbili na nusu, nahitaji ratiba. Sasa asubuhi nikikuta njia imezama nakaa ukutani, viatu mkononi, nakula hamri langu. Siku hizo ndizo ninazozipenda kuliko zile za kufika Shela. Mashua za wavuvi zinarudi, vijana wanarushiana samaki na matusi mepesi, upepo wa kusi unanimwagia mchanga kwenye chai. (Mchanga wenyewe unavumilika ukiwa na iliki ya kutosha.) Kwa kuwa mbele hakupitiki, hakuna ninachochelewa.

Wiki iliyopita nilimkuta binti mgeni pale pale, raba mpya, kasimama anayatazama maji kama mtu aliyefungiwa mlango. Lafudhi yake ya Nairobi. Kabla sijajizuia nilisikia mdomo wangu ukisema:

"Wenda wapi?"

"Natembea tu," akajibu, kidogo kwa ukali.

Nikamwangalia vizuri. Macho mekundu kidogo, au labda ni upepo.

"Hakuna mgonjwa Shela?"

"Hapana!"

Nikamsogezea nafasi ukutani, nikamwambia maji yataanza kurudi muda si mrefu. Akavua raba.