Acuña alikuwa tayari tangu Machi

Mwaka 2017 Ronald Acuña Jr. alipita madaraja matatu ya ligi ndogo za besiboli Marekani ndani ya msimu mmoja, na kila alipopandishwa alipiga vizuri kuliko kule alikotoka. Alianzia Kissimmee, Florida, daraja la A ya juu, akawa na wastani wa kupiga wa .287. Mwezi Mei klabu yake, Atlanta Braves, ikampeleka Mississippi, daraja la AA, wastani ukawa .326. Julai akafika Gwinnett, Georgia, daraja la AAA ambalo ni la mwisho kabla ya ligi kuu, akapiga .344. Alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka La Sabana, kijiji cha pwani ya Venezuela. Machi iliyofuata Braves wakamrudisha ligi ndogo wakidai hajakua, na hoja yangu ni kwamba sababu haikuwa ya kimchezo.

Kwa msomaji ambaye besiboli haimo katika ratiba yake ya Jumamosi, niseme kidogo. Wastani wa .300 maana yake mpigaji amefanikiwa mara tatu katika kila mara kumi, na hiyo inatosha kumfanya mtu nyota. Kila daraja unalopanda, warushaji wanarusha kwa kasi zaidi, mpira unapinda kwa ujanja zaidi, na makosa uliyokuwa unasamehewa huko chini hayasamehewi tena. Kwa hiyo kawaida ni kwamba kinda akipanda, wastani wake unashuka kwanza, halafu akijifunza unarudi taratibu. Wengine haurudi kabisa, na hapo ndipo safari yao inapoishia. Kupanda mara mbili kwa mwaka huku namba zikipanda nawe ni jambo ambalo hata wakongwe wa mchezo hawalioni mara kwa mara.

Na Acuña hakuwa wa kupiga tu. Mchezaji wa nje kama yeye, yaani anayelinda sehemu ya nyuma ya uwanja, ana eneo kubwa la kulinda, anatakiwa aanze kukimbia mpira ukiwa ndiyo kwanza umetoka kwenye gongo, na mkono wake uwe na nguvu ya kuurudisha ndani kabla mkimbiaji wa timu pinzani hajafika. Yeye alikuwa na miguu na alikuwa na mkono. Msimu ule wa 2017 aliiba besi 44, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mwenzake apige, na kupiga mpira nje ya uzio mara 21. Jarida la Baseball America likamtangaza mchezaji bora wa ligi ndogo wa mwaka. Msimu wa vuli akaenda ligi ya Arizona ambako klabu hupeleka makinda wao bora, akachukua tuzo ya mchezaji bora huko pia, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo ushahidi wangu. Ninazipenda ligi ndogo. Ninapoishi mimi, Georgia, kuzitazama ni rahisi, na uwanja wa Lawrenceville, ambao ni nyumbani kwa timu ya Gwinnett, nimeukalia jioni nyingi za kiangazi. Ukikaa karibu na uzio unasikia mpira ukiingia kwenye glavu ya mdakaji, mlio mkavu kama kofi. Mechi ikiisha, baki kidogo. Utawaona wachezaji wa timu ngeni wakitoka na mabegi mgongoni, nywele bado mbichi, kijana mmoja ana chakula ndani ya kisanduku cha plastiki, wanaelekea kwenye basi ambalo injini yake imeshawashwa. Watu wachache sana wanajua majina yao. Wengi wao hawatacheza hata mechi moja ya ligi kuu, na wanaendelea kupanda lile basi.

Kinachowafanya waendelee ni ahadi moja: ukiwa bora, utapanda. Fedha haziwezi kuwa sababu. Hadi mwaka 2022 mchezaji wa AAA, yaani aliyebakiza hatua moja tu, alikuwa na kima cha chini cha dola 17,500 kwa mwaka. Wa daraja la AA alipata dola 13,800. Ilibidi wachezaji waende mahakamani, kesi iliyofunguliwa mwaka 2014, ndipo ligi ikakubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 185 kuimaliza. Mwaka huohuo wakajiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu, na mkataba wa 2023 ukapandisha kima cha AAA hadi dola 35,800. Bado si fedha za kuringia Marekani, lakini angalau mtu anaweza kulipa kodi ya nyumba na kula.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomshikilia Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi katika klabu ya besiboli ya Randburg, na Gift alikulia hapohapo klabuni, akalala hapo, akajifunza mchezo hapo. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008. Akazunguka ligi ndogo msimu baada ya msimu, akitegemea ulinzi wake mzuri kwa sababu gongo lilikuwa linamsumbua, mpaka tarehe 26 Aprili 2017 alipoingia uwanjani Pittsburgh na kuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu. Mara ya kwanza kusimama kupiga alikutana na Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji waliokuwa wanaheshimika sana, na akaupiga mpira wake na kufika besi ya kwanza salama. Mwezi huohuo Acuña alikuwa anaanza msimu wake kule Kissimmee. Mmoja alisubiri zaidi ya miaka minane, mwingine alikuwa anaelekea kupita madaraja matatu kwa mwaka mmoja, na wote wawili naona walipanda kwa haki. Kila mmoja alipanda kwa kasi ya mchezo wake.

Tena Acuña hakuingia kwa mlango wa matajiri. Atlanta Braves walimsajili mwaka 2014 akiwa na miaka 16 kwa dola 100,000. Kwetu ni fedha nyingi, ila katika soko lile ni dau la kijana ambaye hakuna anayemgombania. Miaka miwili baadaye klabu hiyohiyo ikamchukua Mvenezuela mwingine, Kevin Maitan, kwa dola milioni 4.25, na wajuzi wakamwita kipaji cha kizazi. Kufikia mwaka 2023 Acuña alikuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na Maitan alikuwa hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu. Simsemi Maitan kwa ubaya, maskini, hakujipangia yeye dau lile. Ninachosema ni kwamba ngazi ya ligi ndogo ilifanya kazi yake. Haikuangalia nani alinunuliwa kwa bei gani, iliangalia nani anapiga.

Sasa tuje Machi 2018.

Acuña alikwenda kambi ya maandalizi Florida pamoja na kikosi cha kwanza cha Braves. Akapiga .432. Mara nne alipeleka mpira nje ya uzio. Kila aliyekuwa kambini alijua nani anastahili kusimama upande wa kushoto siku ya ufunguzi. Kabla kambi haijafungwa wakamrudisha ligi ndogo, wakisema anahitaji muda zaidi wa kukua.

Hesabu ya jambo hili ni rahisi, na inauma. Mchezaji wa ligi kuu anahesabiwa siku za utumishi. Akifikisha siku 172 katika msimu, huo ni mwaka kamili. Akitimiza miaka sita kamili anakuwa huru, anaweza kusaini na klabu yoyote kwa bei ya soko. Msimu mzima una siku takriban 187. Kwa hiyo klabu ikimficha kinda ligi ndogo kwa wiki mbili na ushee mwanzoni mwa msimu wake wa kwanza, mwaka ule hautahesabiwa kuwa kamili, na klabu itamshikilia miaka karibu saba badala ya sita. Wiki mbili za Aprili zinainunulia klabu mwaka mzima wa mtu akiwa katika ubora wake. Hilo halikuvunja sheria yoyote. Kris Bryant alifanyiwa hivyohivyo na Chicago mwaka 2015, akalalamika rasmi, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwamba klabu haikuwa na kosa.

Nimewasikia wanaoitetea Braves, na hoja yao si ya kijinga. Wanasema kambi ya maandalizi si mechi za kweli, warushaji wanajaribu vitu, namba za Machi hazina maana. Wanasema kijana wa miaka 20 akiingizwa mapema akavunjika moyo, huwezi kumrudisha alivyokuwa. Nakubali yote hayo kwa kinda mwingine. Kwa Acuña yanagonga ukuta mmoja: alipoteremshwa alikuwa anapiga .432, na siku walipomwita, tarehe 25 Aprili, wastani wake kule Gwinnett ulikuwa .232. Alikuwa ameanza msimu vibaya. Kama kweli walikuwa wanasubiri akue, wiki hizo zilikuwa zinaonyesha kinyume, na walipaswa kumwacha hukohuko. Hawakumwacha. Tarehe waliyohitaji ilikuwa imeshapita, wakampigia simu. Kijana alishushwa akiwa moto na kupandishwa akiwa baridi, na mimi sijasikia maelezo ya kimchezo yanayoweza kuyabeba mambo hayo mawili kwa pamoja.

Alicheza mechi yake ya kwanza Cincinnati, akapata pigo lake la kwanza. Kesho yake palepale akapeleka mpira nje ya uzio kwa mara ya kwanza. Msimu ulipoisha alikuwa na 26 za namna hiyo, wastani wa .293 na tuzo ya chipukizi bora wa Ligi ya Taifa. Oktoba, katika mechi ya mtoano dhidi ya Los Angeles Dodgers, alipiga mpira nje ya uzio besi zote zikiwa zimejaa wenzake, pigo moja linaloleta alama nne, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kufanya hivyo katika hatua hiyo. Huyu ndiye aliyekuwa hajakua mwezi Machi.

Halafu fedha. Aprili 2019, akiwa na miaka 21, alisaini mkataba wa miaka 8 kwa dola milioni 100, na klabu ikajipa nafasi ya kuongeza miaka miwili mbele. Simlaumu. Baba yake alicheza ligi ndogo miaka mingi na hakuvuka daraja la AA, na mtoto wa mchezaji wa namna hiyo anajua vizuri goti moja linaweza kufuta nini. Goti lenyewe likaja kweli: Julai 2021 liliumia, akakosa nusu ya msimu ambao Braves walichukua ubingwa, na Mei 2024 likaumia lile jingine. Lakini angalieni pia Juan Soto, mchezaji wa nje kama yeye, aliyeingia ligi kuu Mei ya mwaka uleule wa 2018. Soto alikataa mikataba ya mapema, akasubiri uhuru wake, na Desemba 2024 klabu ya New York Mets ikampa dola milioni 765 kwa miaka 15. Mtu anayejua kwamba uhuru wake umesogezwa mbele kwa mwaka mzima anakaa mezani akiwa dhaifu, na klabu inajua hivyo kabla hajavuta kiti.

Nitaambiwa huu ni ugomvi wa mamilionea. Kwa Acuña mwenyewe labda. Mimi nawafikiria wale wa kwenye basi. Nawafikiria pia vijana wa Uganda, kwa sababu klabu za Marekani zimeshaanza kusajili huko, katika nchi ambayo watoto wake wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport mwaka 2012. Kijana wa Kampala anaingia daraja la chini kabisa, lugha ya benchi ni nusu Kiingereza nusu Kihispania, hana wakala mwenye jina, hana ndugu karibu. Kitu pekee alichonacho ni imani kwamba namba zake zitasomwa kama zilivyo. Akimwona kinda bora kuliko wote akishushwa kwa sababu ya tarehe, atajiuliza yeye atatendewaje.

Mkataba wa wachezaji na ligi wa mwaka 2022 umerekebisha sehemu ya jambo hili. Sasa wawili wa juu katika kura za chipukizi bora wa kila ligi wanapewa mwaka kamili wa utumishi hata kama waliitwa katikati ya msimu. Klabu inayomweka kinda wake bora kikosini tangu siku ya ufunguzi, akishinda, inaongezewa nafasi ya kuchagua mchezaji katika usajili wa vijana. Seattle walimwanzisha Julio Rodríguez siku ya kwanza ya 2022, akashinda, wakapewa nafasi yao. Na Braves haohao, Mei 2022, walimchukua Michael Harris, mchezaji wa nje mzaliwa wa Georgia, kutoka AA kule Mississippi moja kwa moja hadi ligi kuu, bila kupitia Gwinnett. Akawa chipukizi bora na akahesabiwa mwaka mzima.

Bado utaratibu huo unawalinda wawili tu kwa kila ligi. Anayeshika nafasi ya tatu hapati kitu, na mchezaji wa kawaida aliyefichwa wiki tatu hana pa kwenda. Mimi ningeondoa kabisa hesabu ya siku kwa msimu wa kwanza: ukiitwa kabla ya katikati ya Juni, mwaka ni wako. Klabu ikiona kijana hajaiva imwache chini hadi Julai na ibebe hasara ya kumkosa uwanjani, mbele ya mashabiki waliolipa kiingilio kumwona.