Wiki Nne Zimenila Laki Tisa

Aliyenifundisha kwamba mwezi ni wiki nne simdai kitu, ila akifika Kabwe, hapa Mbeya, asipande bajaji yangu.

Mkataba na tajiri ulikuwa wa miezi 18: hesabu laki moja na nusu kila Jumamosi, ukimaliza chombo chako. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya vitumbua: 18 mara nne, 72. Jumamosi ya 72 nikaosha bajaji mpaka uvunguni, nikawanunulia wenzangu wa kijiweni chai na mihogo, nikaenda kuchukua kadi yangu.

Tajiri akanivutia kiti. Tajiri akikuvutia kiti, jua umekwisha.

"Mwaka una wiki ngapi, kijana?"

"48, mzee."

Alicheka mpaka akafuta machozi. "365 gawa kwa saba." Simu ikatoa 52 na vipande. Mwaka na nusu, 78. Kumbe wiki sita zilikuwa zimejibanza humo ndani muda wote! Mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari peke yake, na nao kila baada ya miaka mingapi sijui unajiongezea siku. Hiyo mingine kumi na moja yote ina vimkia vya siku mbili, siku tatu. Nilidhani vimkia ni vya bure. Jumla: laki tisa, na chai ya watu wameshakunywa.

Nikarudi nyumbani nimenuna, na baridi hii ya Julai masikio hata siyasikii. Mlangoni nakuta mkungu wa ndizi na viatu vya mama mkwe, katoka Tukuyu.

Hapo pia ni mimi. Kadi ya kliniki ya mama watoto imeandikwa wiki 31. Nikagawa kwa nne, nikapata miezi nane kasoro, nikampigia mama simu aje haraka.

"Kwa hiyo wiki zikifika 40 nitakuwa na mimba ya miezi kumi?" mke wangu akaniuliza. "Mimi punda?"

Punda anabeba mwaka mzima, lakini hiyo niliimeza.

Nesi alishamwambia kuwa 31 ni miezi saba na siku kidogo. Tena wiki zenyewe zinaanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani wiki kama mbili za mwanzo mimba haijatungwa! Jamani, hata tajiri hajawahi kunidai hesabu ya kabla bajaji haijaletwa.

Tumekula ndizi kimya kimya. Mama mkwe kanawa, kajifunga khanga vizuri, kaniangalia.

"Mkwe, zimebaki wiki tisa. Ni miezi mingapi hiyo?"

Nikashika ufunguo. "Mama, kuna abiria ananisubiri Mwanjelwa."

Saa tano usiku.