Kufuli la gemu lina kazi ya wiki chache, mnunuzi analibeba miaka

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, yupo fundi kompyuta ambaye mezani kwake hazikosekani eksteno (diski za nje) mbili zilizofungwa pamoja kwa raba bendi. Ukimwendea kutaka gemu, hakuulizi habari ya kadi ya benki wala bando. Anauliza tu, "Mashine yako ina ramu ngapi, kaka?" Kisha anakuwekea gemu tano za kopi kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku, unaondoka zako.

Jumamosi moja nilimkuta na kijana aliyeleta laptop yake ikaguliwe. Gemu yake aliinunua kihalali, alilipa zaidi ya dola 60 na akakesha akiishusha kwa bando la usiku. Sasa haifunguki. Inataka kwanza iwasiliane na seva ya kampuni ihakikishe kwamba yeye si mwizi, na bando limekwisha. Fundi akatazama kioo, akaguna. "Mdogo wangu, ungekuja kwangu saa hizi ungekuwa unacheza."

Utani huo, kwamba kufuli la gemu, yaani programu ya kuzuia kopi, humbana aliyelipa kuliko mwizi, umeyaandama makampuni makubwa ya gemu kwa muda mrefu, na watu huuliza kama siku moja yatauza bila kufuli. Mwaka 2008 Electronic Arts ilitoa Spore ikiwa na kufuli la SecuROM lililomruhusu mnunuzi kuiwasha kwenye kompyuta tatu tu. Wateja wakaijaza Amazon nyota moja moja kwa maelfu, na gemu yenyewe ikawa miongoni mwa zilizoibwa zaidi mwaka huo. Mwaka 2010 Ubisoft ikaja na Assassin's Creed II ya kompyuta iliyotaka intaneti muda wote unapocheza. Machi mwaka huo seva zao zikashambuliwa, na walioachwa nje ni waliolipa.

Ukisoma visa hivi peke yake utasema hawa watu hawajui biashara. Wanaijua. Gemu kubwa siku hizi inaweza kugharimu mamia ya mamilioni ya dola kuitengeneza, na sehemu nzito ya mauzo yake hupatikana katika wiki za mwanzo, watu wakiwa bado na hamu. Ndipo Denuvo ilipopata soko. Kufuli hilo la Waaustria, lililoanza kuonekana mwaka 2014 kwenye FIFA 15, halikuzuii kunakili mafaili. Unaweza kuyabeba yote kwenye fleshi ukampa jirani, lakini kwake hayatawaka, kwa sababu kila mashine hupewa tiketi yake na sehemu za programu zimevurugwa zisisomeke bila tiketi hiyo. Mara nyingi wavunjaji wamechukua wiki au miezi kulifungua, na mara nyingine wamekata tamaa kabisa.

Je, linalipa? Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2024 uliangalia gemu zenye Denuvo. Ulikuta kwamba kufuli likivunjwa wiki ya kwanza, mapato yanapungua kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Hiyo si pesa ya kuchezea, na wanaodai kwamba wezi wasingenunua hata kidogo inabidi waijibu namba hiyo. Lakini utafiti huohuo ulikuta pia kwamba likivunjwa baada ya wiki kama 12, hasara ni karibu na sifuri. Namba hii ya pili ndiyo imenifanya niandike.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko hasira za wateja. Kampuni ya gemu ya CD Projekt ya Poland ilianza mwaka 1994 jijini Warsaw, katika soko ambalo wauza gemu wa kopi walikuwa wamejaa magulioni kama Kariakoo ya CD. Walipoleta Baldur's Gate kwa Kipolandi mwaka 1999, hawakushindana na kopi kwa makufuli. Waliuza boksi lililoshiba, ndani mna ramani, kitabu cha kanuni na CD ya muziki, vitu ambavyo mwenye meza ya kopi hana. Mwaka 2008 wakafungua duka la mtandaoni la GOG lisilouza gemu yenye kufuli, na gemu yao wenyewe, The Witcher 3, ikawekwa humo siku ileile ilipotoka mwaka 2015. Imepita nakala milioni 50. Anayesema bila kufuli kampuni itafilisika aanze na hiyo.

Wengine hupenda mfano wa muziki, kwamba iTunes, duka la nyimbo la Apple, ilivua makufuli ya nyimbo mwaka 2009 na muziki haukufa. Mimi mfano huo siuamini sana. Wimbo unauzwa kwa senti na huishi miaka, gemu ni dola 70 na joto lake hupoa upesi. Isitoshe, muziki ulipohamia kwenye kusikiliza kwa kulipia kila mwezi, kufuli lilirudi kimyakimya. Hapa kwetu tulijaribu stempu za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwenye CD za muziki na filamu kuanzia 2013. Vibanda vya kuchoma CD havikutishika na stempu. Vilikuja kuondolewa na simu na bando, pale ilipokuwa rahisi kufungua YouTube kuliko kupanga foleni kwa fundi. Somo hilo kwangu lina uzito kuliko la iTunes: urahisi ulimshinda fundi, stempu haikumshinda.

Kwa hiyo makampuni makubwa yatauza bila kufuli? Siku ya uzinduzi, sioni. Hakuna mkurugenzi atakayesimama mbele ya wenye hisa akiwa na asilimia 20 mkononi aseme tuwaamini watu. Watengenezaji gemu wa Larian walithubutu na Baldur's Gate 3 mwaka 2023, ikauzwa sana, lakini Larian ni kampuni binafsi na hawaamkii bei za hisa. Kwa mlango wa nyuma, hata hivyo, mambo yameshaanza. Doom ya 2016 ilivuliwa Denuvo mwaka huohuo, miezi michache baada ya kutoka. Sony iliingiza Horizon Zero Dawn kwenye kompyuta Agosti 2020, na Novemba ikawa GOG bila kufuli. Gemu nyingi za Denuvo huvuliwa hivyohivyo bila tangazo, maana kulitumia kunalipiwa, na hakuna mtu anayemlipa mlinzi wa ghala tupu.

Kosa ni kwamba mnunuzi haambiwi. Kijana wa Aggrey hajui kama kufuli lake litakaa miezi mitatu au milele. Ningekuwa na sauti kwenye meza za wakubwa hao, nisingewaomba waache kufuli. Ningewaomba waandike tarehe ya kulivua, kama tunavyoandikiwa tarehe kwenye pakiti ya maziwa. Watasema watu watasubiri tarehe ifike. Wapo watakaosubiri, ni kweli, ila anayeweza kukaa miezi mitatu bila gemu tayari anasubiri punguzo la bei, na huyo hawampati leo wala kesho.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya Denuvo ni kufuli lisilo na jina. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilizimwa seva zake Machi 2024, na aliyenunua hata diski ya mkononi akabaki na kipande cha plastiki, kwa sababu nusu ya gemu ilikuwa ikiishi kwenye kompyuta za kampuni. Hapo hata mvunjaji hodari hana cha kuvunja upesi. California ilipitisha sheria mwaka huohuo kwamba duka la mtandaoni lisimwambie mteja "nunua" bila kumweleza kwamba anachopata ni leseni tu, na Ulaya ombi la kuzuia gemu kuuawa namna hiyo lilivuka saini milioni moja mwaka 2025. Mabishano ya kufuli la kunakili yanaweza kwisha kwa sababu ya kusikitisha, kwamba gemu zenyewe zimehamia seva na hakuna kitu cha kunakili.

Kijana yule mwishowe aliunga bando la buku kwenye simu, akaiwasha hotspoti. Gemu ikaongea na seva, ikaridhika kwamba si mwizi, ikafunguka. Halafu ikaleta ujumbe kwamba kuna sasisho la GB 6, na bila hilo hachezi. Fundi akainama, akaanza kufungua raba bendi.