Homa ya saa tano darasani

Saa kumi na mbili asubuhi jirani yangu anamgusa mwanawe paji la uso, anamnywesha kijiko cha panadol ya maji, anamfunga vifungo vya shati, wanatoka. Yeye anawahi kituoni na ndoo yake ya vitumbua, mtoto anawahi namba shuleni. Vipindi vya kwanza vinapita salama. Ikifika saa tano dawa imeisha nguvu, kichwa cha mtoto kiko juu ya dawati, na mwalimu mwenye watoto wengine themanini anahangaika kumtafuta mzazi ambaye simu yake haipatikani.

Zamani nilikuwa mwepesi wa kumlaumu. Siku hizi nahesabu kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, tena ndani ya mzunguko wa miezi 36. Mzazi mwenye watoto watatu amezimaliza kabla mvua za masika hazijakatika. Na huyo ni mwenye mkataba. Muuza vitumbua hana hata hizo nne. Akilala nyumbani leo, unga wa kesho unatoka wapi?

Wanaosema mtoto anayeumwa abaki nyumbani nao wana hoja nzito. Madawati yetu yanakaliwa na watoto watatu watatu, na maji ya kunawa ni ya kibuyu chirizi, kama kuna aliyekumbuka kukijaza. Januari 2024, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia Dar es Salaam, kila mtu aliona: mmoja anafikicha jicho, anaazimana kalamu na mwenzake, siku chache baadaye mwenzake naye macho yamevimba. Kwa ugonjwa wa namna hiyo sina mjadala. Anayeharisha au kutapika naye asubiri siku nzima tangu hali ilipokoma. Mwenye tetekuwanga akae hadi malengelenge yote yakauke na kushika vigaga. Mwenye surua, siku 4 tangu vipele vitoke.

Ila kuna wazazi wanaovuka mpaka upande wa pili. Mafua ya kawaida humpata mtoto mdogo mara sita au nane kwa mwaka. Ukimweka ndani wiki nzima kwa kila mafua, hata ukihesabu mara sita tu, umempotezea siku 30 kati ya 194 za masomo. Kama anacheza, anakula na hana homa, mpe kitambaa cha kupengea aende. Mapunye je? Akishaanza dawa (na ya kichwani hutaka dawa ya kumeza, kupaka tu hakutoshi) hana sababu ya kukaa nyumbani. Wengi huwafungia watoto hao kwa aibu tu.

Homa ndiyo inayonisumbua. Kanuni inayonukuliwa sana ni kwamba mtoto asirudi darasani hadi apitishe saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Ni kanuni nzuri, lakini imezaliwa kwenye nchi ambako homa ya darasani aghalabu ni ya mafua makali, na shabaha yake ni kumlinda yule wa dawati la pili. Kwetu, homa ni ya kupimwa malaria kwanza. Malaria hairuki kutoka dawati hadi dawati. Inamla huyohuyo aliye nayo. Kwa hiyo mtoto aliyeachwa nyumbani siku mbili "apumzike", akinyweshwa panadol kila ikipanda, namwona yuko kwenye hatari kubwa kuliko yule aliyezidiwa mbele ya mwalimu. Mwalimu angalau atapiga kelele.

Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na kama dakika 20 za kusubiri. Malaria ya kawaida ikionekana, dawa ya mseto ni dozi 6 kwa siku 3, na baada ya siku ya kwanza humezwa asubuhi na jioni. Siku ya tatu, kama homa imekata na anakula, anaweza kuingia darasani. Kazi ni kukumbuka dozi ya jioni wakati keshaanza kukimbizana na wenzake. Mwenye degedege, anayetapika kila kitu au asiyeamshika vizuri, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Serikali inasamehe gharama za matibabu kwa walio chini ya miaka 5. Darasa la kwanza huanza na miaka 6.

Nilimweleza jirani haya yote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza zahanati inafunguliwa saa ngapi. Saa moja na nusu, nikamjibu. Wateja wake ni wa saa kumi na mbili hadi saa tatu. Basi tukakubaliana: siku ya homa mtoto anashinda kwangu, ndoo ikiisha anampitia, saa nne wako kwenye foleni. Mtoto aliyeanza homa jana jioni bado yumo ndani ya saa 24 za kwanza tangu ianze, hajachelewa kupimwa. Panadol anampa, sharti aniambie kampa saa ngapi.