Leseni kwa awamu: haki ya kijana au usalama wake?

Kijana akifaulu mtihani wa udereva, aachiwe barabara yote siku hiyo hiyo, au apewe kwa awamu? New Zealand ilichagua awamu mwaka 1987. Huko dereva mpya hukaa kwanza na leseni yenye masharti: kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri haendeshi peke yake, na kwa kawaida habebi abiria bila dereva mzoefu pembeni. Majimbo ya Marekani yalifuata baadaye, kila moja na kanuni zake.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Mtihani hupima kama mtu anajua kuegesha, kubadili gia na kusoma alama. Haupimi atafanyaje wenzake watatu wakimwambia "kanyaga mafuta!" saa 6 usiku. Tena dereva mgeni hukazia macho barabara iliyo karibu na boneti. Mzoefu hutazama mbali, akapitia vioo, akaanza kupunguza mwendo kabla breki za gari la mbele hazijawaka. Jicho hilo huja kwa kuendesha, tena kwa miezi.

Hapo hapo ndipo wapinzani wanapobana: kama ni kuendesha, mbona mnamzuia? Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 uliwapa nguvu. Penye masharti makali, ajali zenye vifo zilipungua kwa madereva wa miaka 16, lakini zikaongezeka kwa wa miaka 18. Huenda wengine walisubiri umri wa masharti upite, wakaingia barabarani wabichi. Kwangu, hilo linaumbua sheria inayohesabu umri. Hoja ya awamu yenyewe haijaguswa. Masharti yafuate leseni, hata mwenyewe awe na miaka 25.

Wapo wanaosema dawa ni mafunzo zaidi. Si kila mafunzo. Norwei ilipolazimisha mafunzo ya kumudu gari kwenye utelezi, ajali za vijana wa kiume ziliongezeka. Huenda walitoka na kujiamini kulikozidi ustadi.

Linalonisumbua ni kijana wa zamu ya usiku, ambaye kwao hakuna mwenye leseni wa kukaa naye. Baadhi ya majimbo ya Marekani humruhusu aendeshe kwenda na kurudi kazini. Ruhusa hiyo naiunga mkono, ilimradi awe peke yake garini: akishapakia wenzake, safari ya kazi imekwisha.