Mgeni Hakuandikishwa kwa Shefu

Niseme mapema: mi sifugi njiwa, sijaiba njiwa hata siku moja, na nyama yake haiko hata inanipendeza, iko mifupa mingi. Lakini mwaka uliopita nililipa njiwa kumi na moja, tena na kuku moja juu yake, na mpaka leo batoto ya avenyu yetu hapa Katuba, Lubumbashi, bakiniona napita banasema "Bwana ya Madamu njo ule". Acha nieleze mi mwenyewe, maana kila mutu anaeleza ya kwake na kila mara hesabu ya njiwa inapanda.

Tuko batu sita wa kuangalia ndege. Mwalimu wa biolojia njo mukubwa wetu, kuko shofere wa taksi, kuko kijana moja wa kuuzisha inite za simu, bandugu wawili mapacha wenye hawajawahi kukubaliana kama ndege iko ya kijani ao ya manjano, na mi. Tunakutanaka dimanshi asubui chini ya muembe wa Mwalimu. Jumeli, ile darubini ya macho mawili, iko moja tu, tena jicho ya kushoto ilikwaruzwa zamani, kwa hiyo unafunga jicho moja sawa mutu anataka kupiga risasi. Kila mutu dakika tano. Shofere dakika zake tano anazihesabu vile anahesabuka shanji ya bakliya, haziishake sawa.

Mbele ya hii mambo tulikuwa tunaangalia mwewe, kunguru, na popo za magaribi. Mwewe zinakuyaka kwetu kama jua kali inakaribia kuisha, zinazunguka juu ya soko kichwa chini sawa mutu alipoteza franka yake. Kwa majirani kila ndege ya mdomo wa kupinda iko "mwewe", na kila mwewe iko mwizi wa vifaranga, mambo ikaisha.

Sasa mwisho wa mwezi wa kumi, mvua ya pili ama ya tatu, mapacha moja akasema kuko mwewe mubaya juu ya antena ya simu nyuma ya soko. Tukaangalia. Haikuwa mwewe. Mwewe mukia wake umepasuka kama wa samaki. Huyu mukia wake ulikuwa mufupi, mabawa imechongoka kama kisu, mugongo rangi ya simo ya kujengea, na chini ya jicho alama nyeusi inashuka kwenye shavu sawa musitashi wa koloneli. Mwalimu akachukua jumeli akakaa nayo dakika kumi nzima na hakuna mwenye alithubutu kusema. Halafu akaishusha, akasema na ile sauti ya kanisani: "Kozi. Fokoni pelere."

Akatueleza. Huyu wa rangi hii ya kupauka anazaliwaka kule juu kabisa, Siberia, kwenye kuko baridi mpaka miti haiotake, na theluji ikianza anafunga kitambaa anakuya Afrika. Na kwa vile alikuwa mukubwa hivi, Mwalimu akasema iko mwanamuke, kwa kozi bibi anamupita bwana sana kwa kimo na kwa uzito. Shofere akasema hiyo si habari ya Siberia, hiyo iko kwake nyumbani.

Siku ya tatu tukamuona anawinda. Sijui nitaeleza namna gani. Njiwa zilikuwa zinazunguka juu ya manyumba, kundi nzuri, na yeye alikuwa kule juu kabisa kadoa tu, halafu akafunga mabawa. Mwalimu anasema akianguka vile anapita kilometre 300 kwa saa, hakuna mnyama mwenye kumushinda. Mi sikuona hata kitu, niliona manyoya imetoka hewani paa! sawa mutu alipasua muto, na njiwa moja inashuka bila kujiuliza. Alimudaka mbele hajafika chini, akapanda naye kwenye antena, akaanza kumunyonyoa taratibu, manyoya inateremukia bamama wa sombe. Bamama bakatazama mawingu.

Tulimuita Madamu. Sababu anakuya, anakula bila kusalimia mutu, na uchafu anaachia bengine.

Hapo njo wazimu ilianza. Kijana wa inite akatuonyesha kwenye simu kwamba New York bako, banakaa kwenye madaraja na kwenye manyumba ya gorofa, na kule Derby, Uingereza, kwenye kanisa kubwa batu balibatengenezea kabisa kibaraza na bakaweka kamera, dunia nzima inaangalia mama analalia mayai. Na kule kila mutu anasema "ndege zetu". Basi na sisi tukaanza: ndege yetu, kozi yetu, Madamu wetu. Kwenye taksi, kwenye foleni ya maji, kwenye matanga hata. Ile "yetu" muiweke pembeni, tutairudilia.

Mi nilikuwa sekretere. Nilinunua kaye ya paji mia moja na naandika kila kitu, biki ya bule kwa tarehe na nyekundu kwa chakula. "Saa kumi na mbili na nusu, Madamu amefika. Saa moya, amekamata njiwa, mweupe, doa nyeusi kwenye bawa. Ameridhika." Bibi yangu siku moja aliikuta chini ya muto akasoma paji tatu akiwa amesimama. Nilipitisha ule usiku kueleza kwamba Madamu iko na manyoya. Tuache.

Na mabaki nilikuwa naokota vilevile, maana kozi hakulake yote: mabawa mbili inabakia imeshikana na mufupa wa kifua, na miguu. Ukiikusanya unajua amekula nini, hii si akili yangu, njo vile banafanyaka kila fasi. Nilikuwa naweka kwenye sashe nyeusi. Mutu anazunguka chini ya antena na sashe nyeusi, anaokota vichwa na miguu ya ndege, asubui mapema, peke yake. Nawaachia mujiulize majirani balifikiri nini. Bibi akasema ama sashe inalala inje ama mi.

Mwezi wa tatu katikati niliokota muguu yenye kufungwa na kawaya kekundu, ile ya ndani ya kabule ya umeme. Halafu nikakumbuka niko na ingine tatu sawasawa. Nikafurahi kama mutoto! Maana iko pete, na pete iko habari, inaonyesha njiwa ilitoka wapi. Nikasema nani anajua njiwa katika hii kartie? Papa moja anaishi mita mia mbili kutoka kwetu, muzee wa pansheni, iko na kiota cha mbao juu ya choo na njiwa kibao. Nikaenda. Nikabisha hodi. Nikakaribishwa, nikapewa munkoyo ya baridi, nikakunywa. Halafu, mi mwenyewe na hii mikono yangu, nikatoa miguu ine kwenye sashe nikaipanga juu ya meza yake.

"Papa, nilikuwa nataka kujua, hii wayà nyekundu iko ya nani?"

Akavaa lineti. Akaangalia muguu wa kwanza. Wa pili. Sauti ikatoka kidogo sana: "Huyu iko Shantali."

Sikuelewa. Nikamueleza mambo ya Madamu kwa furaha, mwendo, Siberia, musitashi. Nikamusomea hata kaye! Nikafika kwa ule mweupe wa doa nyeusi kwenye bawa, akasimama, akaenda kuangalia kiota chake, akarudi macho iko maji. Ule alikuwa anaitwa Mukaguzi, sababu alikuwa anatembeaka nyuma ya wengine. Hapo njo nilielewa, lakini nilikuwa nimekwisha kusoma mpaka mwezi wa pili.

"Na huyu kozi," Papa akauliza, "iko wa nani?"

Na kinywa changu, kwa mazoea ya miezi mitano, ikajibu: "Wetu."

Kesho yake nikaitwa kwa shefu wa avenyu. Nikaenda na kikundi yote kunisindikiza. Papa alikuwa mbele, na kravate. Kaye yangu alikuwa nayo yeye, nilikuwa nimeisahau kwake karibu na kopo la munkoyo, na alikuwa amepitisha usiku anahesabu kila mustari ya wino nyekundu. Aliandika faktire. Njiwa kumi na tisa, elfu kumi ya franka kila moja, saini, tarehe.

Shefu akavuta kiti. "Huyu Madamu eko wapi? Aitwe."

"Shefu, alienda. Iko siku kama kumi hatumuoni."

"Alienda wapi?"

"Kwao. Siberia, kule Urusi."

Kimya. "Na alifika lini?"

Papa akamupa kaye, paji ya kwanza. Tarehe 29, mwezi wa kumi. Shefu akahesabu na vidole. "Miezi mitano! Mugeni wa inchi ya inje anakaa miezi mitano katika avenyu yangu, anakula mali ya batu, na fishi yake ya mugeni, ile karatasi ya kumuandikisha, mi sijaiona. Nani alimupokea?"

Kila mutu akaniangalia. Shofere akaangalia viatu vyake. Mwalimu akaangalia juu, lakini ule iko mazoea tu.

Nikajitetea nikasema Shefu, huyu iko ndege ya pori, jina yake fokoni pelere, haina mwenyewe. Shefu akasema ngoja, pelere? Pelere si mutu wa kuenda kuhiji? Basi dosye iko ya paroisi. Kwa bahati mbaya katekista alikuwa pale kwa mambo yake ya bomba, akasema hapana hapana, paroisi iko na kwaya na iko na mbuzi mbili, haina ndege.

Mwalimu akasimama kusaidia. Angenyamaza! Akatoa somo mzima: kwamba hizi ndege zilikuwa karibu kuisha, Ulaya na Marekani, sababu ya dawa ya DDT ya kuua wadudu, dawa ilikuwa inaingia kwa ndege ndogo, kozi anazikula, na mayai yake inakuwa na ganda nyembamba, mama akilalia inapasuka. Mpaka Marekani bakaikataza mwaka 1972, na pole pole ndege zikarudi, mwaka 1999 bakazitoa kwenye liste ya zenye kuko karibu kuisha. Alisema vizuri sana, mi nilitaka kupiga makofi.

Papa akainua kidole. "Mwalimu, nielewe vizuri. Dawa yake ilikuwako?"

"Ilikuwako."

"Na bakaikataza?"

"Bakaikataza."

"Shefu, andika hiyo."

Tukabakia na kaye, mustari kwa mustari. Hapa Mwalimu alifanya kazi kweli. Nilikuwa nimeandika "njiwa" hata kwa tetere, na tetere haiko ya Papa, iko ya Mungu. Mapacha bakaitwa kama temwa. Moja akasema ya tarehe 14 ilikuwa ya kijivu, mwingine akasema ya hudhurungi, Shefu akabafukuza wote wawili. Popo ya magaribi ya mwezi wa kwanza Papa alikuwa ameiweka kwa faktire vilevile, akasema kama iliruka karibu na kiota chake ilikuwa kwenye njia ya kuwa yake. Ikatolewa. Tukashuka mpaka kumi na moja, na hapo kulikuwa manyoya, wayà, ama jina, Papa analitaja na anaeleza tabia ya kila moja, na haki ya Mungu mi mwenyewe nilianza kumuchukia Madamu.

Elfu mia na kumi. Na kuku moja ya Shefu kwa mugeni mwenye hakuandikishwa. Kikundi ilinichangia, tusiseme uongo, shofere alitoa elfu mbili akaomba shanji.

Basi ikaisha, mi nilifikiri. Lakini dimanshi iliyofuata tunafika kwenye muembe, Papa iko pale na kiti yake ya kukunja, na lineti, na kaye mupya. Akasema amelipwa kwa kumi na moja, anataka kuona na macho yake kama hesabu iko sawa. Hajakosa dimanshi hata moja tangu hapo. Anachukua dakika zake tano na za shofere. Mwewe akimukosa kifaranga Papa anasimama anapiga makofi peke yake, anasema "Nenda, mupumbavu, nenda!" na njiwa akipita anamusalimia. Sasa anajua ndege kutupita, Mwalimu hafurahi.

Mwezi wa kumi iliyofuata, tarehe 24, saa kumi na mbili asubui simu inalia. Papa. Anahema.

"Amefika! Iko juu ya antena! Iko Madamu, ile musitashi haiwezi kunipotea!"

Mwalimu anasema hatuwezi kuhakikisha kama iko ule ule. Papa hakungoja kuhakikisha. Nilipofika kwenye antena alikuwa amekwisha kutoka kwa Shefu, iko na fishi ya mugeni mukononi, imejazwa na biki ya bule, muhuri juu. Akanipa nisome. Jina: Madamu. Anatoka: Siberia. Sababu ya safari: chakula. Muda wa kukaa: mpaka mwezi wa tatu. Mwenye kumupokea: jina yangu, jina ya baba yangu, na namba ya parsele.