New Yorker Films haikuuliwa na soko, iliuliwa na mkopo

Ukikaa na machalii wanaotengeneza muvi hapa Arusha, ukitaja tu msambazaji mtu anakunja uso. Watakwambia msambazaji ni yule jamaa wa Kariakoo, wewe umelala Monduli wiki mbili unashuti kwa jenereta la kuazima, waigizaji umewalipa nauli tu, halafu yeye ananunua masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa hela ya mara moja, anachapa kava, anauza nchi nzima, na wewe hata nakala ngapi zimeenda hujui. Kwa hiyo hitimisho lao ni kwamba wasambazaji wafe tu, sasa hivi kuna YouTube, unapandisha mwenyewe unakula mwenyewe. Juzi kwenye mabishano kama hayo mmoja akaleta mfano wa New Yorker Films, kampuni ya Marekani ya kusambaza filamu iliyofunga milango Februari 2009 baada ya miaka 43. Akasema mnaona, hata wale wa New York wenye filamu zaidi ya 400 soko limewakataa.

Nimeona niandike kwa sababu mfano ule ukiufuatilia mpaka mwisho unasema kitu kingine kabisa.

Kwanza lakini niwape haki yao, maana hasira yao haijatoka hewani. Biashara ya kuuza masta iliwaumiza watu kweli. Stempu za TRA zilipoletwa kwenye CD na DVD mwaka 2013, ilikuwa ni ili nakala halali zijulikane na kodi ipatikane, na hiyo peke yake inakuonyesha hali ilikuwaje, yaani kazi ipo sokoni kila kona na hakuna mwenye hesabu. Mtu aliyepita humo akikwambia hataki kusikia habari ya msambazaji usimbishie, msikilize.

Sasa Dan Talbot, mwanzilishi wa New Yorker Films. Huyu hakuanza na mtaji wala na ofisi ya usambazaji, alianza na ukumbi. Yeye na mkewe Toby walikuwa wanaendesha New Yorker Theater pale Broadway, Manhattan, kuanzia 1960. Akaipenda Before the Revolution ya Bernardo Bertolucci, wakati huo kijana tu wa Kiitaliano, akataka kuionyesha, akaambiwa haitolewi kwa ukumbi mmoja, kama unaitaka nunua haki za Marekani nzima. Akanunua. Hapo ndipo ikazaliwa kampuni, 1965, kwa sababu mtu mmoja aliitaka filamu moja na hakukuwa na njia nyingine ya kuipata. Baadaye zikaja za Wajerumani Herzog na Fassbinder, ikaja My Dinner with Andre ya Louis Malle, ambayo ni watu wawili wanakula na kuongea mwanzo mwisho na bado watu walijaa, ikaja Shoah ya Claude Lanzmann yenye urefu wa zaidi ya masaa tisa. Hebu fikiria wewe ndio unampigia simu mwenye ukumbi umwambie akate tiketi za filamu ya masaa tisa.

Na zikaja za Ousmane Sembène wa Senegal. Black Girl, Xala, mpaka Moolaadé ya 2004, Wamarekani walizipata kupitia kampuni hii. Sembène ndiye tunayemwita baba wa sinema ya Afrika, tunamtaja kwenye kila warsha, ila ni mara chache tunauliza filamu zake zilikuwa zinafikaje kwa watu. Zilifikishwa na mtu anayelipia nakala, anayesimamia tafsiri ya maandishi ya chini, anayewatafuta waandishi wa magazeti waje kuangalia kabla haijatoka. Halafu kulikuwa na vyuo. Kwa miaka mingi hela ya kueleweka ya New Yorker Films ilitoka kwenye mikanda ya milimita 16 iliyokodishwa kwa vyuo na vikundi vya sinema. Chuo kinaagiza, mikanda inafungwa kwenye kasha, inasafirishwa, inaonyeshwa jioni moja ukumbini, watu wanajadili, inarudishwa, mtu anaipitisha mkononi kuangalia kama imechanika au matobo ya pembeni yameliwa, anaunga, inatumwa chuo kingine. Miaka nenda rudi. Kazi hiyo haina zulia jekundu na hakuna anayeipigia makofi, lakini bila hiyo mwanafunzi wa Ohio asingemjua Sembène hata kwa jina.

Wanaosema soko liliwakataa wana hoja hapa, siwezi kuificha. Video ilipoingia chuo kikawa na kaseti yake kabatini, kikaacha kukodisha, na ile hela ya mikanda ikapungua mwaka hadi mwaka. DVD zilipokuja, wapenzi wa filamu walilalamika kwamba baadhi ya DVD za New Yorker zilikuwa na picha hafifu wakati kampuni nyingine kama Criterion zilikuwa zinasafisha filamu za zamani mpaka zinang'aa. Wakati ule Talbot hakuwa kijana tena. 2002 kampuni ikauzwa kwa Madstone Films. Ukiishia hapo kweli utaona kampuni iliyochoka inasubiri siku yake.

Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo. Moolaadé waliitoa 2004, miaka miwili baada ya kuuzwa. Yaani kampuni ilikuwa bado inanunua, inasambaza, simu zinapokelewa. Kilichoimaliza ni kwamba kampuni mama, hiyo Madstone, ilichukua mkopo, na dhamana ya ule mkopo ikawa ni hazina ya filamu za New Yorker. Mkopo ukashindwa kulipwa, mkopeshaji akashika dhamana, na kampuni ambayo haikuwa na kitu kingine zaidi ya zile filamu ikabaki jina.

Watu wa Moshi hili mtalielewa haraka kuliko mtu yeyote. Ni sawasawa na kihamba, lile shamba la ukoo la migomba. Ndugu mmoja mwenye hati anaenda benki, anachukua mkopo wa biashara yake ya mjini ambayo nyie wengine hata mlango wake hamuujui, anaweka kihamba. Biashara inakufa, wanakuja watu na karatasi, na wewe unayepalilia ile migomba kila siku ndio unaambiwa uhame. Baadaye mtu anapita anasema aah, kilimo hakilipi siku hizi.

Na kwenye filamu ni mbaya zaidi, kwa sababu msambazaji kwa kawaida hamiliki filamu. Ana haki ya kuisambaza kwenye eneo fulani kwa miaka fulani, pamoja na nakala alizochonga. Ile haki ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi za mkopo. Kwa hiyo mkurugenzi yuko Dakar au Paris, alisaini mkataba na mtu aliyemwamini, Talbot, halafu miaka imepita kazi yake imegeuka kuwa dhamana ya deni la kampuni ambayo hajawahi kukaa nayo meza moja. Hilo ndilo linalonikera kwenye habari nzima, na ndilo ambalo kwenye mabishano halitajwi kabisa. Tunabishana kuhusu kaseti, DVD, intaneti, teknolojia, wakati kilichoua ni sahihi kwenye karatasi ya mkopo.

Kuna jibu moja ambalo naliheshimu. Mtu anasema sawa, kampuni imekufa, lakini filamu hazikufa. Black Girl ilitolewa upya na Criterion 2017, na 2024 wakatoa Emitaï, Xala na Ceddo kwa pamoja, tena kwa ubora ambao New Yorker haikuwahi kuufikia. Ni kweli, na nimefurahi kama yeyote. Ila hesabu miaka iliyopita katikati, kutoka 2009. Kampuni yenyewe ilifufuliwa 2010 chini ya wamiliki wengine, lakini haikurudi kuwa ile. Na zilizookolewa ni za majina makubwa. Kwenye filamu zaidi ya 400 si zote zina jina la Sembène mbele, na ile isiyojulikana ndiyo inayomhitaji zaidi mtu wa kuibeba.

Nije nyumbani, kwenye Moolaadé hiyo hiyo. Ni hadithi ya kijiji kimoja Afrika Magharibi. Wasichana wanakimbia kukeketwa, wanne wanaenda kujificha kwa mama mmoja, Collé, ambaye mwanae mwenyewe alikataa akeketwe. Collé anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni, ikishafungwa hakuna anayethubutu kuivuka mpaka aifungue mwenyewe. Wazee wanaume wanaamua tatizo ni redio, wanawake wanasikiliza mambo mengi mno, wanazikusanya redio zote mbele ya msikiti na kuzichoma moto.

Sasa takwimu moja ambayo haitoki kichwani mwangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kati ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49, waliokeketwa kitaifa walikuwa asilimia 10. Mkoa wa Arusha ilikuwa asilimia 41. Manyara jirani zetu 58. Wakati sheria ya kumlinda msichana wa chini ya miaka 18 ipo tangu 1998, yaani wengi wa wasichana waliohesabiwa humo walikuwa bado watoto sheria ikiwa tayari kitabuni. Asilimia 41 maana yake kwenye foleni ya wanawake kumi pale kliniki, wanne. Filamu inayoongea habari hiyo, imetengenezwa na Mwafrika, haimtukani mtu, haimtangazii mtu, inamheshimu mpaka mama ngariba kama binadamu, imeshinda tuzo Cannes 2004, ipo. Mimi sijakutana na chalii hata mmoja wa Ngarenaro aliyejaziwa Moolaadé kwenye flash. Nenda pale kwa jamaa wa kujaza muvi, unatoa buku unachagua kwenye laptopu yake, folda ya Wakorea imejaa, Wahindi wamejaa, za mapigano zilizotafsiriwa na madijei kwa Kiswahili zimejaa, ya Senegal hakuna. Na sio kwamba watu hawaitaki. Kina Lufufu, wale waliokuwa wanatafsiri filamu za nje kwa sauti ya Kiswahili, walituonyesha zamani kwamba filamu ya lugha yoyote ukiweka sauti ya Kiswahili juu yake kibanda umiza kinajaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuitafuta, kulipia haki, kuitia Kiswahili, kuibeba na projekta mpaka Longido na kurudi tena mwezi ujao.

YouTube haifanyi hivyo, inangoja utafute. Mama wa Ketumbeine, kijijini kule Longido, hawezi kutafuta kitu ambacho hajawahi kusikia kama kipo. Tulikuwa na kumbi za sinema, Metropole hapa na Plaza kule Moshi, watu walikuwa wanavaa vizuri Jumapili kwenda kuangalia picha, na nyuma ya kila picha kulikuwa na mtu aliyeileta. Tanzania Film Company (TFC), kampuni ya filamu ya serikali iliyoanzishwa 1968, ikaja kushika hiyo kazi yote ya kuingiza na kusambaza, na ilipoyumba kumbi zikakosa cha kuonyesha. Kumbi tunazikumbuka, waletaji hatuwakumbuki.

Kwa hiyo nikimwambia kijana asimkimbie msambazaji simaanishi asaini chochote kinachokuja mezani. Auze haki kwa miaka, asiuze masta. Aandikishe kwamba filamu yake haiwezi kuwekwa dhamana ya mkopo wowote, wa msambazaji au wa atakayemnunua msambazaji, na kwamba kampuni ikifilisika au ikiuzwa haki zinarudi kwake zenyewe bila kwenda mahakamani. Ni mistari miwili, wakili yeyote wa hapa mjini anaweza kuiandika mchana mmoja. Mikataba mingi niliyoonyeshwa mpaka leo haina hata mmoja kati ya hiyo.